Alinichomekea akitokea barabara ya pembeni, sasa simu hapokei

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni dereva wa teksi ya mtandaoni hapa Dar es Salaam. Gari ni IST, ni langu mwenyewe, lina bima ndogo. Miezi miwili iliyopita nilikuwa natoka Kibamba kwenda Ubungo, nina abiria mmoja. Nilikuwa njia ya kushoto ya barabara kubwa. Karibu na Mbezi, Noah ikatokea barabara ya pembeni, ikachomekea bila indiketa, ikanipiga ubavu wa kushoto: taa, fenda, kioo cha pembeni, mlango wa mbele, ikakwaruza hadi mlango wa nyuma. Trafiki alikuja akapima, akamwandikia yule dereva faini ya papo kwa papo, naye akakubali kosa. Kituoni tukaambiwa tuyamalize wenyewe. Akaandika kwa mkono kwamba atanilipa 600,000 kwa awamu. Alituma 150,000, tangu hapo hapokei simu. Fundi anasema kazi yote ni 2,900,000. Gari lile ni la tajiri wake. Halafu siku tatu baada ya ajali shingo ilianza kuuma, nikanunua dawa dukani tu. Trafiki ananiambia kazi yake imekwisha. Nina haki gani? Na je, nitengeneze gari au niliache hivyo hivyo kama ushahidi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Pole kwa gari, na pole zaidi kwa shingo. Umeitaja kama jambo la pembeni, lakini huenda ikawa na uzito kuliko milango yote miwili. Nitaifikia.

Trafiki hakukudanganya aliposema kazi yake imekwisha. Ajali moja huzaa mambo mawili, na watu wengi huyachanganya mpaka miaka inawapita. La kwanza ni kosa la barabarani, ambalo ni kati ya dereva na Jamhuri. Zile 30,000 za faini alizoandikiwa zimekwenda Serikalini, hakuna hata senti yako mle. La pili ni hasara yako, nalo ni kati yako na waliokusababishia. Hilo la pili halianzishwi na polisi wala haliendi lenyewe, unalianzisha wewe. Trafiki hana mamlaka ya kumwamuru mtu akulipe. Anaweza kuwashauri mkae mzungumze, na kwa ajali ndogo si ushauri mbaya, ila mazungumzo yakigoma au makubaliano yakivunjwa, mwenye uwezo wa kukulazimishia malipo ni mahakama.

Hata hivyo, jambo la kwanza linalisaidia la pili. Kama yule dereva angepelekwa mahakamani akatiwa hatiani, Sheria ya Ushahidi inasema hukumu hiyo, muda wa rufaa ukishapita, ni uthibitisho kamili kwamba kosa alilitenda. Hakimu wa jinai pia anaweza kuamuru mshtakiwa amfidie aliyeumia au kuharibiwa mali, na mwendesha mashtaka akiombwa mapema huweza kulisemea hilo. Kwako mambo yaliishia kwenye faini ya papo kwa papo. Hiyo si hukumu ya mahakama, lakini mtu hulipa faini ile kwa sababu amekubali kosa, kwa hiyo nakala yake ni karatasi nzito. Rudi kituoni uiombe kwa barua, pamoja na ripoti ya polisi ya ajali, mchoro wa eneo na ripoti ya mkaguzi wa magari kama ilifanyika. Mchoro ndio ninaoutaka kuliko vyote. Trafiki alipima pale, akaandika magari yalisimama wapi, vioo vilimwagika wapi, njia ya pembeni inaingia wapi. Mwaka mmoja baadaye kila mtu atakuwa na hadithi yake, na mchoro utabaki vilevile.

Kosa ni la nani? Anayetoka barabara ya pembeni kuingia barabara kubwa ndiye anayepaswa kusubiri nafasi. Aliye tayari ndani ya njia yake hana wajibu wa kumkisia. Hili halina ubishi mkubwa, lakini jiandae kwa utetezi ambao nina hakika utakuja: "Mimi nilikuwa nimeshaingia, yeye ndiye alikuwa kasi akanivaa." Hapo liangalie gari lako. Alama inaanzia kwenye taa na fenda, inateleza kurudi nyuma mpaka mlango wa pili. Maana yake, alipogeuza usukani wewe ulikuwa tayari sambamba naye, na kona ya gari lake ikakukwaruza ulipokuwa ukipita. Mtu anayekuja kasi kutoka mbali akamkuta mwenzake ameshaingia, humgonga nyuma: bampa yake ya mbele huvunjika na mlango wa nyuma wa mwenzake huingia ndani. Kwako bampa ni nzima. Piga picha mkwaruzo huo kutoka pande zote, na uombe ripoti ya mkaguzi au mtathmini iueleze kwa maneno.

Kuhusu kasi yako, ukweli ni kwamba hakimu akiona nawe ulichangia, hafuti madai yako bali anagawa lawama. Akisema ishirini kwa mia ni yako, katika 2,900,000 utapewa 2,320,000. Programu unayofanyia kazi inahifadhi safari ile: saa, njia, pengine na mwendo. Itunze kabla haijafutika. Mtafute na yule abiria. Shahidi asiyemjua yeyote kati yenu ni bora kuliko ndugu yako kumi. Kama pale karibu kuna kituo cha mafuta chenye kamera, nenda kaulize, ingawa kwa miezi miwili usiwe na tumaini kubwa, kwa kuwa mifumo mingi hujifuta yenyewe.

Na picha za siku ile ziache kwenye simu iliyozipiga. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo, lakini mahakama itauliza picha imetoka wapi na imetunzwaje. Ukiipitisha WhatsApp inapungua ubora na kupoteza taarifa za saa na mahali. Nimeona kesi nzuri ikidhoofika kwa sababu mdai aliuza simu akabaki na picha alizorushiwa na shemeji.

Sasa ile karatasi ya 600,000. Isome tena, taratibu. Je, kuna sentensi inayosema ukilipwa hizo huna madai mengine? Kama ipo, wakili wao ataishika kama msumeno, na itabidi tubishane kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeivunja. Kama haipo, karatasi inakusaidia wewe: ni mtu anayekiri kwa mkono wake kwamba anadaiwa kutokana na ajali, na zile 150,000 zitakatwa tu kwenye jumla. Ndiyo maana huwa nawaambia madereva: kituoni andikeni "malipo ya awali", msiandike "malipo ya mwisho" kabla fundi hajafungua mlango. Kwa macho ya barabarani kila mlango ni wa laki mbili.

Karatasi hiyo inakupa njia mbili, na lazima uchague moja, huwezi kula huku na huku. Njia fupi ni kudai 450,000 zilizobaki kama deni la makubaliano. Hilo linaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, ambako gharama ni ndogo, watu wengi huenda wenyewe, na ushahidi wako ni karatasi moja tu. Njia ndefu ni kudai hasara yote ya ajali kwa uzembe. Hiyo haiendi Mwanzo, inafunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na karatasi inaingia kama kielelezo cha kukiri. Kwa tofauti ya zaidi ya milioni mbili na shingo inayouma, mimi ningeshika njia ndefu. Ungekuwa na bampa iliyopasuka tu, ningekutuma Mwanzo bila kusita. Na usiogope lugha: tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Nani ashtakiwe? Wote wawili, dereva na tajiri. Tajiri anawajibika kwa uzembe wa dereva aliyekuwa kwenye kazi yake, na mtu anayepeleka hesabu kila jioni ni vigumu kusema hakuwa kazini. Jina la mwenye gari litoke kwenye kumbukumbu za usajili za TRA, usilichukue mdomoni kwa dereva. Hapa kuna mtego tunaokutana nao kila siku: gari limeuzwa mara mbili na kadi bado ina jina la mmiliki wa kwanza. Ukimshtaki yeye peke yake ataleta mkataba wa mauziano na kutoka. Kwa hiyo uliza, na inapobidi waunganishe. (Wewe unayesoma hili na uliuza gari mwaka juzi bila kuhamisha kadi, nadhani umenielewa.)

Ingekuwa gari la Serikali ningekupa jibu jingine kabisa: notisi ya siku 90 kwanza, kesi Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu ndani yake. Tangu marekebisho ya 2020 utaratibu huo unagusa hata halmashauri na mashirika ya umma. Noah ya tajiri haina mlolongo huo.

Twende kwenye bima, kwa kuwa fedha nyingi hutokea huko. Bima yako ndogo haitengenezi gari lako, ni kwa ajili ya watu wengine utakaowadhuru wewe. Inayohusika hapa ni bima ya ile Noah. Ingiza namba ya gari lile kwenye mfumo wa uhakiki wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, uone kama siku ya ajali bima ilikuwa hai na ni ya kampuni gani. Usitazame stika iliyopo leo, tazama tarehe. Kuna watu hukimbilia kukata bima asubuhi inayofuata.

Ukishaijua kampuni, waandikie barua sasa, hata kabla ya kesi. Eleza ajali, taja namba za magari yote mawili, ambatisha ripoti ya polisi na makadirio ya fundi, na hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri huwa "haikufika". Kwa madai ya majeraha kuna sababu ya kisheria ya kufanya hivyo. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kifo na majeraha ya watu wengine. Ukishinda kesi, kampuni inawajibika kuilipa hukumu hiyo, ili mradi ilijulishwa mapema kuhusu shauri. Wengi hushinda, kisha wanafika kwenye kaunta ya bima na kuambiwa "sisi hatukuambiwa".

Tofauti ambayo mafundi na hata baadhi ya mawakala huikosea ni hii: ulazima huo wa sheria umejengwa juu ya miili ya watu. Uharibifu wa gari lako unalipwa na bima yao kwa kadiri mkataba wao unavyosema. Bima ndogo nyingi zinagusa mali ya mtu mwingine, lakini kwa kiwango kilichowekwa. Kinachozidi kiwango kinabaki mgongoni kwa tajiri na dereva, na ndiyo sababu hushtaki bima ukawaacha wao. Tena mikataba ya bima kwa kawaida humkataza mwenye gari kukiri kosa bila kampuni kujua, kwa hiyo usishangae wakiishikia bango ile karatasi ya 600,000. Huo ni ugomvi wao na mteja wao. Wewe una mchoro, faini na mkwaruzo, na hivyo vyote vinasimama hata bila karatasi.

Wakikuzungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Peleka malalamiko na barua zako zote. Ni haraka kuliko mahakama na hakuhitaji wakili. Lakini kumbuka kwamba kulalamika huko hakusimamishi saa ya ukomo. Madai ya uzembe yana miaka mitatu tangu siku ya ajali. Inaonekana mingi, ila nimepokea watu wakiwa na siku chache zimebaki, na faili lenye ahadi tupu za "wiki ijayo".

Sasa shingo. Nenda kituoni uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali, wiki hii. Mwambie daktari ukweli wote: ajali ilikuwa lini, maumivu yalianza siku ya tatu, ulikunywa dawa gani. Usijaribu kuifanya ionekane ulikwenda siku ileile. Maumivu ya shingo kuchelewa kujitokeza baada ya mtikisiko ni jambo ambalo madaktari wanalijua, na tarehe ya uongo ikigundulika itakuharibia mpaka madai ya mlango. Udhaifu wa miezi miwili bila cheti upo na utaulizwa, lakini cheti cha leo ni bora kuliko kutokuwa nacho. Kila ukirudi hospitali, tunza karatasi.

Kiasi cha kudai kinagawanyika. Kuna hasara unazoweza kuzihesabu: matengenezo, dawa, nauli, kuvutwa gari, mapato uliyokosa. Mahakama ya Rufani imekwisha sema mara nyingi kwamba hizi lazima zitajwe moja moja kwenye hati ya madai na zithibitishwe. "Fundi anasema 2,900,000" haitoshi. Nataka makadirio ya maandishi, ikiwezekana kutoka gereji mbili au kwa mtathmini, yenye mchanganuo: fenda kiasi gani, taa kiasi gani, kunyoosha bodi, rangi. Ukinunua, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Najua fundi wa chini ya mwembe ni hodari na bei yake ni nzuri, lakini kipande chake cha daftari kitapigwa pingamizi. Maumivu ya mwili na usumbufu ni fungu la pili, ambalo hakimu hukadiria mwenyewe kwa kutazama cheti cha daktari.

Mapato yako yanataka uangalifu. Chukua taarifa za malipo za programu na za simu kwa miezi mitatu kabla ya ajali, toa mafuta na kamisheni, kinachobaki kwa siku ndicho unachodai. Ukiandika laki moja kwa siku na taarifa zinaonyesha elfu thelathini na tano, umejikata mwenyewe. Halafu nikuulize jambo ambalo wakili wao atakuuliza: kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha kubeba abiria unacho? Na bima yako ndogo ni ya gari binafsi au ya biashara? Yule aliyekugonga hapati msamaha kwa sababu ya mapungufu yako, gari lako bado ni lake kulitengeneza. Lakini kudai mapato ya kazi uliyokuwa ukiifanya bila kibali ni mlima, na nisingependa uuone kwa mara ya kwanza ukiwa kizimbani. Kama huna, uniambie mapema, tuliweke fungu hilo kando kuliko kulipoteza na heshima ya mengine.

Kabla ya kufungua kesi, dereva na tajiri wapelekewe notisi ya madai ya siku 14, nakala kwa bima. Madai mengi ya namna hii huishia hapo, hasa tajiri anapoiona kwa mara ya kwanza, maana mara nyingi dereva hakumwambia chochote zaidi ya "nimepigwa pasi kidogo". Isipoishia hapo, kesi ikifunguliwa itapitia usuluhishi kwanza. Ukikaa kwenye meza ile, jua kiwango chako cha chini kabla hujaingia. Ningekuwa wewe nisingeshuka chini ya gharama kamili ya matengenezo. Kwenye mapato na maumivu mnaweza kuvutana. Kama huna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wao. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya au mahakamani kwenyewe.

Usiende na vijana kuizuia ile Noah stendi. Najua umeshafikiria. Ukilishika gari la watu, kesho faili la jinai litakuwa na jina lako, na faini yake ya 30,000 haitazungumziwa tena.

Ulimaliza kwa kuuliza kama utengeneze au uache. Tengeneza, lakini kwa mpangilio. Sheria inakutaka upunguze hasara yako, huwezi kuegesha gari mwaka mzima ukadai mapato ya mwaka mzima. Watahesabu siku ambazo matengenezo ya kawaida yangechukua, basi. Ipe bima yao nafasi ya kulikagua: andika kwenye barua yako kwamba gari lipo gereji fulani na wana siku saba kuja kulitazama kabla halijaguswa. Wakija, omba nakala ya ripoti yao. Wasipokuja, piga picha upya, mtathmini wako aandike, kazi ianze. Kama fedha ni ndogo, anza na taa na kioo cha pembeni, bila hivyo trafiki watakuandikia wewe. Na mwambie fundi mlango na fenda ya zamani visiende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, viwekwe ndani na karatasi yenye namba ya gari juu yake mpaka hukumu itoke.